Filamu za Kwetu, Sikio la Nani?

Zipo filamu ninazozipenda kwa macho na kugombana nazo kwa masikio. Nyingi zilipigiwa picha hapa hapa Afrika Mashariki, na wageni. Mbuga ni yetu, mlima ni wetu, nyuso ni za watu wetu, lakini muziki ukianza tu unajua kwamba usukani umeshikwa na mtu mwingine. Kazi yangu ni kuchanganya sauti za filamu na tamthilia. Nakaa mbele ya spika nikiamua mazungumzo yakae wapi, upepo ukae wapi, muziki upande lini na unyamaze lini. Kazi hii inakuzoesha kuuliza swali moja kila muziki unapoingia: anayesikia hivi ni nani? Leo nataka kuziuliza swali hilo filamu kadhaa ninazozirudia mara kwa mara, na nitasema waziwazi ipi imenishika na ipi inanikera.

Kwanza tuelewane jambo moja la ufundi. Muziki wa filamu una makao mawili. Upo ule ambao wahusika wenyewe wanausikia: redio ya teksi, ngoma ya harusini, gramafoni barazani. Na upo ule unaosikiwa na mtazamaji peke yake. Mwanamke analia chumbani kimya, na sisi tunasikia fidla, yeye hazisikii. Huu wa pili ndio wenye mamlaka, kwa sababu unakuelekeza uhisi nini bila kukuomba ruhusa. Ni sauti ya anayesimulia. Mtu anaweza kuonekana kwenye filamu kuanzia mwanzo hadi mwisho na asiwe na chake hata kidogo katika muziki huo wa pili.

Mfano wa zamani ni Mogambo ya mwaka 1953. John Ford alikuja na Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, wakapiga picha Kenya, Tanganyika na kwingineko. Filamu ile haina okestra ya kuandamana na hadithi, jambo lililokuwa nadra sana Hollywood wakati ule. Muziki karibu wote ni nyimbo na ngoma za wenyeji, na mwanzoni yametajwa makabila: Wasamburu wa Kenya, Wahaya wa Tanganyika, Wagenia wa Kongo. Ukisoma hivyo utaona ni heshima kubwa, na mimi pia nafurahi kila nikisikia sauti zile, maana ni hazina. Lakini sikiliza zimewekwa wapi. Zote zimo upande wa mandhari. Hadithi ni mapenzi ya wageni watatu, na hakuna wimbo hata mmoja wa Kihaya unaoingia moyoni mwa yeyote kati yao. Kabila limetajwa, mwimbaji hakutajwa.

Hatari! ya mwaka 1962 sina ugomvi nayo. Howard Hawks aliipigia picha Tanganyika, upande wa Arusha, na John Wayne akiwakimbiza faru kwa gari, na jina la filamu ni Kiswahili kitupu. Henry Mancini aliandika kipande kile cha ndovu wachanga ambacho hata mtu asiyeijua filamu atakutambulia kwa kupiga mluzi. Kina besi ya jazi inayorudiarudia na ogani ya sarakasi inayoyumba juu yake. Hakijidai kuwa cha Kiafrika. Ni mzaha mzuri kuhusu ndovu wadogo wanaomfuata msichana kwenda majini, na kinaishia hapo.

Mtu aliyefanya kazi kubwa zaidi ya kuiamulia dunia Kenya isikike vipi ni John Barry, Mwingereza wa mji wa York. Mwaka 1966 alitunga muziki wa Born Free, hadithi ya simba Elsa, akapata tuzo mbili za Oscar, moja ya muziki na moja ya wimbo aliouandika pamoja na Don Black. Miaka 19 baadaye akarudi Kenya, kwa njia ya sauti, na Out of Africa ya Sydney Pollack. Filamu hiyo ilizoa Oscar saba, ikiwemo ya muziki, na ikiwemo ya sauti pia, ambayo watu wa fani yangu hatusahau kuitaja.

Sasa niseme ukweli wa moyo wangu: muziki wa Out of Africa ni mzuri kupindukia. Fidla zinaingia kwa upana, horni zinajibu kwa mbali, na mwendo wake ni wa polepole kiasi kwamba kila noti unaisubiri. Angalia ile sehemu ya ndege. Denys, mwindaji anayeigizwa na Robert Redford, anampakia mpenzi wake Karen kwenye ndege ndogo ya Gipsy Moth isiyo na paa, wanapaa juu ya mabonde na ziwa lililojaa heroe. Katika ndege ya aina ile injini inanguruma usoni pako na upepo unakupiga masikio hadi husikii kitu kingine. Waliochanganya sauti wameuacha muziki uchukue nafasi yote hiyo. Karen ananyoosha mkono nyuma, Denys anaushika, na hakuna anayehitaji kusema neno. Nikiwafundisha vijana kazi hii, naanza na sehemu hiyo, kwa sababu inaonyesha kwamba kuchanganya sauti ni kuchagua nini kisisikike.

Na ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Muziki ule ni wa kumbukumbu ya mwanamke wa Denmark aliyepoteza shamba, mpenzi na nyumba, anayeikumbuka Ngong akiwa mbali. Kwa hadithi hiyo umekaa sawasawa kabisa. Barry alisikia kwa sikio la Karen, na ndivyo alivyotakiwa kufanya. Tatizo ni yaliyofuata. Baada ya 1985, kila tangazo la utalii, kila kipindi cha wanyama, kila filamu fupi ya shirika la misaada ilitaka fidla za aina ile juu ya picha ya nyika. Majonzi ya mtu mmoja yakageuzwa kuwa sauti ya nchi nzima. Nimeshaletewa filamu fupi ya wafugaji wa Simanjiro, imepigwa picha vizuri sana, na mteja akaomba «kitu kama Out of Africa». Wafugaji wale hawakuwa wanaondoka kwenda popote. Walikuwa nyumbani kwao, wanacheka, wanabishana bei ya ng'ombe.

Kuna sehemu nyingine katika filamu hiyo hiyo ambayo kila nikiiona nainuka kitini. Denys anaweka gramafoni porini na kuwapigia nyani Mozart, na anafurahia wazo kwamba hawajawahi kusikia sauti yoyote iliyotengenezwa na binadamu, na sasa ya kwanza ni hiyo. Nyani wa Kenya! Waliozaliwa na kukulia jirani na watu wenye ngoma, njuga, baragumu za pembe na nyimbo za kuchungia! Najua ni maneno ya mhusika, na mhusika huyo ameandikwa kuwa mtu wa ndoto zake mwenyewe. Lakini filamu haimpingi. Hakuna ngoma inayosikika kwa mbali kumjibu. Kama ningekuwa kwenye meza ile ningeomba ngoma moja tu, chini kabisa, ya kijiji cha ng'ambo ya mto.

Katika filamu hiyo yupo mtu mwingine ambaye watazamaji wengi wanampita tu. Ni kijana mrefu anayefuatana na Denys, anaitwa Kanuthia, anaonekana zaidi ya anavyosikika. Mwigizaji wake ameandikwa Job Seda. Jina la Job Seda huenda halikuambii kitu, ila jina lake la muziki utalijua: Ayub Ogada. Mjaluo, mpiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, mmoja wa walioanzisha bendi ya African Heritage ya Nairobi. Baadaye alikwenda London, akawa anapiga nyatiti kwa wapita njia kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, hadi watu wa Real World, kampuni ya kurekodi muziki, walipomsikia. Albamu yake ya mwaka 1993, En Mana Kuoyo, naiweka juu kabisa miongoni mwa rekodi zote zilizowahi kufanywa na mtu wa ukanda wetu. Humo ndimo ulimo wimbo Kothbiro, ambao bendi ya Black Savage ya Nairobi ilikuwa imeshaupiga katika miaka ya 1970.

Mwaka 2005, miaka 20 baada ya Out of Africa, ikatoka The Constant Gardener. Mwongozaji ni Mbrazili, Fernando Meirelles. Mtunzi wa muziki ni Mhispania, Alberto Iglesias. Walipiga picha Kibera na kando ya Ziwa Turkana. Ukihesabu hivyo, ni filamu ya wageni kama zile nyingine. Ila wageni hawa walimchukua Ogada na nyatiti yake wakamweka kwenye makao ya pili, pale ambapo mhusika hasikii na mtazamaji anasikia. Kothbiro hauchezwi na mtu yeyote ndani ya hadithi. Unatoka kwa msimulizi. Mwingereza aliyefiwa na mkewe anatembea katika nchi aliyodhani anaijua, na kwa muda ule huzuni yake inabebwa na sauti ya Kijaluo. Yule kijana aliyesimama kimya nyuma ya Robert Redford sasa ndiye anayetuambia tuhisi nini.

Ngoja nikae kidogo hapa, maana nyatiti inastahili. Ni ala ya nyuzi nane, kasha lake la mbao limewambwa ngozi. Mpigaji anakaa chini sana, karibu na ardhi, na kidole gumba cha mguu wa kulia amekivisha pete ya chuma. Vidole vya mikono vinachezea nyuzi, na ile pete inagonga ukingo wa ala kushika mapigo. Kwa hiyo mtu mmoja ni mpiga nyuzi, mpiga ngoma na mwimbaji kwa wakati mmoja. Nyuzi zenyewe zina mvumo kidogo, kama nyuki ndani ya mzinga. Fundi asiyeijua ala hii atasikia mvumo ule, aone ni kasoro, aanze kuuondoa kwenye kompyuta. Akifaulu, ameiua. Sikiliza rekodi ya Ogada kwa hedfoni nzuri: mvumo upo, mlio wa chuma kwenye mbao upo, pumzi yake kabla ya mstari ipo. Ametumia noti chache na ameacha nafasi kubwa kati yake. Nafasi hiyo ndiyo mtunzi wa filamu anayoitafuta, kwa sababu picha inapata mahali pa kupumulia. Fidla za Barry zinaijaza mbuga. Nyatiti ya Ogada inaiacha mbuga ilivyo.

Ogada alifariki mwaka 2019. Natamani filamu zetu wenyewe zingemtumia zaidi alipokuwa hai.

The Lion King ya 1994 nitaigusa kwa haraka, maana kila mtu ana lake la kusema. Majina ni ya Kiswahili, Simba, Rafiki, Pumbaa, halafu sauti inayofungua filamu inaimba Kizulu. Wapo wanaokasirishwa na mchanganyiko huo. Mimi nasikia jambo kubwa zaidi: Lebo M wa Soweto, ambaye mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, Hans Zimmer, alikuwa ameshafanya naye kazi katika filamu ya The Power of One, anaita peke yake jua linapochomoza, kabla ya okestra. Ni sauti ya Mwafrika kwenye kiti cha msimulizi, katika filamu iliyotazamwa na dunia nzima. Kipande hicho nakiheshimu kuliko Hakuna Matata ya Elton John na Tim Rice, ambayo kwa mtu aliyekua na Jambo Bwana ya Them Mushrooms wa Mombasa, ya mwaka 1982, haikuwa na jipya.

The Last King of Scotland ya 2006 inatumia makao ya kwanza kwa akili sana. Idi Amin alikuwa na mapenzi ya ajabu na Uskoti, na humo mnasikika waimbaji wa Uganda wakiimba wimbo wa kale wa Kiskoti, kwa uzuri kabisa, kwa sauti zilizopangika. Unacheka, halafu unaogopa. Wimbo mmoja ndani ya hadithi umekueleza utawala mzima ulivyo.

Basi tuje nyumbani, kwenye filamu na tamthilia zetu. Watu wa nje wakizitazama hulalamika kwamba nyimbo zetu zinasimulia hadithi kwa maneno: mume ameondoka, na wimbo unaimba mume ameondoka. Mimi lawama hiyo siikubali. Watu wa pwani tumelelewa na taarabu, ambako maneno husikilizwa kabla ya sauti, na tumelelewa na filamu za Kihindi zilizojaza kumbi za Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, ambako wimbo ni sehemu ya mazungumzo. Mtazamaji wetu anasikiliza mashairi. Mpe mashairi mazuri, na uone ukumbi unavyotulia.

Ninachokipinga ni woga wa kimya. Kinanda kinaanza dakika ya kwanza, noti moja ndefu, na hakinyamazi hadi majina ya mwisho. Wawili wakizungumza, kipo. Mtu akifungua geti, kipo. Msiba ukija, kinapandishwa tu. Sababu naijua: mazungumzo yamerekodiwa vibaya, bodaboda imepita, jenereta la jirani linanguruma, na kinanda kinatumika kufunika. Tena bajeti ya sauti inakumbukwa mwisho, fedha zikiwa zimeshakwisha kwa mavazi na magari. Lakini mtazamaji anachoka bila kujua kwa nini, na msiba ukifika hauna uzito, maana masikio yameshalia kwa saa nzima.

Kuna kazi moja ambapo mama anapepeta mchele uani anapopigiwa simu ya kifo cha mwanawe. Prodyuza alitaka kinanda na kwaya. Nikamwomba anisikilize kwanza bila muziki. Mchele unaruka, unagonga ungo, shaa, shaa, shaa, kwa mwendo wa mkono uliozoea. Simu inaita. Anapokea, anaibana kwa bega, anaendelea kupepeta. Halafu mkono unasita, shaa moja inachelewa, na ungo unanyamaza. Sikuongeza chochote. Kuku mmoja wa jirani anasikika, kwa sababu alikuwepo. Prodyuza alikaa kimya kidogo, akasema, «Iache hivyo.» Sauti za nyumba zetu, ungo, kinu, ndoo kisimani, adhana ya mbali, mvua kwenye bati, zina muziki ambao hakuna mtunzi wa nje atakayetuletea.

Ndiyo maana nilifurahi kuiona Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Unguja ya miaka ya 1950 haiwezi kusimuliwa bila taarabu, na filamu ile inajua hivyo. Uchochoro wa Mji Mkongwe una mwangwi wake, na muziki ukipita humo unasikia kuta. Tunazihitaji nyingi za namna hiyo, na si za Zanzibar tu. Zeze ya Wagogo, marimba za Uzaramo na gitaa la Lubumbashi bado vinasubiri mwongozaji wa kuvipa kiti cha msimulizi.

Ila tukisema kwamba hatukuwahi kabisa kuzitia filamu sikio letu, tutakuwa tumewasahau wasimulizi wa mabanda ya video. Lufufu hapa Tanzania, DJ Afro Kenya, VJ Jingo Uganda. Kwa mtu wa fani yangu hawa ni wakubwa zetu wa kazi. Filamu ni ya Hong Kong au Marekani, msimulizi ameshika maikrofoni. Anashusha sauti ya filamu anapozungumza, anaipandisha ngumi zikianza, anaacha muziki wa asili upite pale anapoona unafaa na kuuzima pale usipomhusu mtu wa Manzese. Anawapa wahusika majina ya mtaani, anamkaripia mwovu, anatafsiri hata kimya. Huko ni kuchanganya sauti hasa, papo kwa papo, hadhira ikiwa mbele yako na haina subira. Mchina anapigana, lakini anayesikia na kusimulia ni mtu wetu. Wasomi wa filamu waliita ni kuharibu kazi za watu. Mimi nasikia watu waliokataa kuwa wageni mbele ya skrini.

Kanda zao za VHS sasa zinaliwa na ukungu, hasa huku pwani kwenye joto na unyevu, na VCD nazo zinachubuka. Kama unazo stoo au chini ya kitanda, usizitupe. Zifute vumbi kwa kitambaa kikavu, zisimamishe wima mahali pakavu pasipo na jua, na kama kanda imeota ukungu usiitie kwenye mashine kabla haijasafishwa, maana ukungu utahamia kwenye kichwa cha mashine na kuziharibu nyingine. Kisha tafuta mtu wa kukuhamishia kwenye kompyuta, na mwambie arekodi sauti yote, pamoja na kelele za banda kama zimo.